Mwalimu aongee au wanafunzi waongee? Nilichokiona nikiwa pande zote mbili

Huu ubishi wa mwalimu asimame mbele afundishe au wanafunzi waachiwe wajifunze wenyewe mi nimeukuta na nadhani nitauacha hapa hapa, maana watu wengi wameshachagua timu zao na hawasikii. Upande mmoja utaambiwa watoto wa siku hizi hawajui kitu kwa sababu walimu wameacha kufundisha, wanagawa makundi tu na kukaa. Upande wa pili utaambiwa mwalimu anayeongea mwanzo wa kipindi mpaka mwisho ni mtu wa zamani, anawamezesha watoto, anaua vipaji, na kadhalika. Sasa mimi nimesomeshwa kwa chaki mwanzo mwisho, nimefundisha hesabu na fizikia kwa chaki hiyo hiyo, baadaye nikafundisha kwa hizi mbinu wanazoziita shirikishi, na katikati hapo ukubwani nikajifunza kuandika programu za kompyuta bila mwalimu yeyote, kwahiyo sitaki kushabikia, nataka niseme nilichokiona.

Nianze na chaki kwa sababu ndo inatukanwa sana. Kipindi chenyewe kila aliyesoma anakijua: mwalimu anaingia, anaandika tarehe na mada, anaeleza, anajaza notsi ubaoni, sisi tunakopi, alafu kabla hajatoka anauliza "mmeelewa?" na darasa zima linaitika "ndiyooo mwalimu". Hapo kila mtu karidhika. Mwalimu kafundisha, sisi tumeelewa, tukutane kesho. Ukija kukaa na maswali mwenyewe usiku ndo unagundua kile ulichokiona ubaoni kilikuwa kinaeleweka kwa sababu mwalimu ndo alikuwa anakifanya, wewe ulikuwa unaangalia. Basi unarudi kwenye notsi unazimeza, siku ya pepa unazitema, baada ya muda mfupi kichwa cheupe.

Ila kuna kitu cha chaki ambacho wapinzani wake hawakisemi. Nilikuwa na mwalimu wa hesabu ambaye akikutana na swali gumu hafichi kichwa chake, anafikiri kwa sauti: hapa najiuliza hii inagawanyika, hapana, haigawanyiki, ngoja niihamishie huku, aah hii njia inanipeleka mbali, narudi. Sisi tumekaa kimya kabisa, hakuna kikundi wala chati ya ukutani wala kadi za rangi, lakini nakuambia akili zilikuwa zinakimbia. Pale ndo nilijua kwamba mtu anayejua hesabu sio kwamba hakwami, anakwama alafu ana pa kushika. Hiyo huipati kwa kukaa na wenzako watano ambao nao hawajui, lazima umwone mtu anayejua akiwa kazini. Kwahiyo mtu akiniambia kukaa kimya ni kutojifunza mi nabisha moja kwa moja.

Ubaya wa chaki niliuona vizuri nikiwa upande wa kusahihisha. Unakaa na rundo la pepa, unafungua ya kwanza mtu kaandika (a + b)² ni a² + b², unafungua nyingine hivyo hivyo, nyingine hivyo hivyo, unafika kwa yule uliyekuwa unamtegemea, naye hivyo hivyo. Ukija fizikia unakuta kitu kizito kinaanguka haraka kuliko chepesi hata pale swali liliposema hakuna hewa. Haya makosa hayakuzaliwa siku ya mtihani, yalikuwemo darasani muhula mzima yanaitika "ndiyo mwalimu" pamoja na wengine. Hapo ndo ubishi wa nani aongee ukaanza kunichosha nikawa najiuliza kitu kingine kabisa: mwalimu anajua lini kwamba mwanafunzi hajaelewa? Kwenye chaki ya kawaida anajua siku ya mtihani, wakati mada imeshapita, silabasi inadai mada inayofuata na hakuna wa kurudi nyuma.

Na hii sio ya shule za chini tu. Eric Mazur, profesa wa fizikia pale Harvard, alikuwa anafundisha kwa lekcha na wanafunzi wanampa tathmini nzuri, maswali magumu ya kukokotoa wanayaweza. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 akawapa maswali mepesi ya dhana tu, yasiyo na hesabu, kuhusu nguvu na mwendo, ambayo David Hestenes na wenzake walikuwa wameyatunga. Mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu vipi, kwa alivyofundishwa au kwa jinsi yeye mwenyewe anavyoona mambo yalivyo. Nilipoisoma hiyo habari nilicheka alafu nikaacha kucheka, maana ina maana kijana kafika chuo kikubwa namna hiyo, anafaulu, na kichwani ana fizikia mbili, ya darasani na ya kwake, na hazijawahi kukutana. Matokeo ya lile jaribio yalikuwa mabaya kuliko profesa alivyotegemea na ndo yalimfanya abadilishe ufundishaji wake wote. Nitarudi kwake.

Hiyo "mmeelewa?" nayo ina ugonjwa wake. Mtafiti mmoja wa Marekani, Mary Budd Rowe, alirekodi vipindi vya sayansi akapima mwalimu akishauliza swali anasubiri muda gani kabla hajamchagua mwingine au kujijibu mwenyewe. Kwa wastani ni kama sekunde 1. Moja! Walimu walipozoeshwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu, wanaonyoosha mkono wakaongezeka, "sijui" zikapungua. Aliyatoa haya miaka ya 1970 na mpaka leo ukiingia darasa lolote utaikuta ile sekunde moja. Mi nilipoanza kusubiri niliona sekunde tatu za ukimya mbele ya darasa ni ndefu mno, mdomo unawasha kutaka kujibu, watoto wanaangaliana wanahisi umesahau, ikabidi niwe nakunja vidole nyuma ya mgongo kuhesabu. Lakini kweli mikono ilikuwa inaanza kunyooka kutoka sehemu ambazo haikuwahi kutoka.

Haya, tuje kwenye upande wa pili.

Mbinu shirikishi mi niliziletewa kama wengi tulivyoletewa, kwa semina. Na kituko cha semina zile ni kwamba mtoa mada alikaa siku nzima anatusomea slaidi kuhusu ubaya wa kumsomea mtu slaidi, sisi tunakopi. Tukarudi madarasani na maelekezo kwamba mwalimu apunguze kuongea, wanafunzi wakae kwenye makundi, wajadili, waandike kwenye karatasi kubwa, mmoja asimame apresenti. Ukipita nje ya darasa la namna hiyo linapendeza, watoto wanaongea, wanachora, wanasimama. Ingia ndani sasa ukae na kundi moja usikilize. Kipanga wa kundi anafikiri, mwenye mwandiko mzuri kapewa kalamu, mwenye mdomo anasubiri kupresenti, na waliobaki wanapiga stori zao kwa sauti ya chini. Ikifika kupresenti karatasi ina jibu sahihi, darasa linapiga makofi na mwalimu anaandika kwenye ripoti kwamba kundi limeelewa. Ni ile ile "ndiyooo mwalimu" imevaa nguo mpya. Kule nyuma mtu alijificha kwenye kuitika, huku anajificha nyuma ya kipanga.

Hii ya watu kulegea wakiwa kundi ina historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, alipima watu wakivuta kamba, akaona kila watu wanavyoongezeka ndivyo kila mmoja anavyovuta pungufu kuliko akiwa peke yake, na alichapisha mwaka 1913. Sasa kama kwenye kamba, ambapo jasho linaonekana, watu wanategeana, kwenye kufikiri ambako hakuna anayekuona unadhani itakuwaje? Kundi linafanya kazi pale tu ambapo kila mtu ana kitu ambacho mwenzake hana. Elliot Aronson alifanya hivyo Austin, Texas, mwaka 1971, shule zilipokuwa zinachanganya watoto weupe, weusi na wa asili ya Mexico na fujo ni nyingi. Akaligawa somo vipande, kila mtoto kwenye kundi anapewa kipande kimoja akijue yeye, awafundishe wenzake, na mwisho kila mtu anatahiniwa yote peke yake. Pale huwezi kujificha na pia huwezi kumdharau mwenzako maana kipande chako cha mtihani anacho yeye. Semina yetu ilituletea makundi bila hicho kipengele, na hicho kipengele ndo mashine yenyewe.

Kitu kingine kilichonisumbua ni ile ya "waache wagundue wenyewe". Sikatai raha ya mtu kugundua, ila kuna mambo binadamu wamechukua karne nyingi kuyapata alafu unamwambia mtoto ayagundue ndani ya kipindi kimoja akiwa na betri, waya na balbu. Watoto wanaunganisha, balbu inawaka, wanashangilia, ukiwauliza wamegundua nini wanasema balbu imewaka. Ni kweli imewaka. Uhusiano wa mkondo wa umeme na volti haujitokezi wenyewe kwenye meza, unahitaji mtu anayejua nini cha kupima, nini cha kushikilia kisibadilike na nini cha kupuuza, na hivyo vitu ndo mwanafunzi mgeni hana.

Ukubwani nilikuja kulipata hili kwenye ngozi yangu mwenyewe nilipoamua kujifunza kuandika programu. Hapo nilikuwa mwanafunzi kitovu kuliko wote duniani, hakuna ratiba, hakuna mwalimu, intaneti yote ni yangu, najichagulia cha kusoma na mwendo wangu. Na miezi ya mwanzo ilikuwa mateso. Kompyuta inakuandikia kosa kwa maneno ambayo huyajui, unakwenda kutafuta yale maneno, unakuta maelezo yenye maneno mengine kumi usiyoyajua, mpaka jioni umefungua kurasa kibao na programu yako ya mistari mitano haijakimbia. Tatizo lilikuwa kwamba hata swali la kuuliza sikuwa nalo. Kilichoninyanyua ni kozi moja ya maandishi, ya kizamani kabisa kwa mtindo, ambapo mwandishi anakupa mfano uliokamilika, anakueleza kila mstari unafanya nini, anakuambia uandike hivyo hivyo, sasa badilisha namba hii uone, sasa ondoa mstari huu uone. Hakuna ugunduzi wala uhuru hapo, na ndo nikaanza kuelewa.

Baadaye nikakuta jambo hili limefanyiwa kazi sana. John Sweller na Graham Cooper mwaka 1985 walilinganisha wanafunzi wa aljebra waliopewa mifano iliyokwisha kufanywa na wale waliopewa maswali wahangaike wenyewe, na waliosoma mifano walitumia muda mfupi na wakafanya vizuri kwenye maswali ya aina hiyo hiyo. Sababu anayoitoa Sweller ni kwamba sehemu ya akili inayoshika vitu wakati unafikiri ni finyu mno, inashika vitu vichache kwa wakati mmoja, na mgeni akihangaika kutafuta njia ile nafasi yote inaliwa na kuhangaika, hakibaki cha kujifunzia. Mwaka 2006 yeye na wenzake Paul Kirschner na Richard Clark wakaandika makala ya kuwashambulia waziwazi watu wa kujigundulia, na ubishi ukawaka upya, wengine wakajibu kwamba kujifunza kwa kutatua matatizo sio kuachwa bila msaada. Mi nawaelewa wote wawili kwa sababu nyingine: nilipokomaa kidogo kwenye programu, ile kozi yangu niliyoipenda ilianza kuniudhi. Anaeleza vitu ninavyovijua, ananichelewesha, nataka niachwe nijenge changu. Na hilo pia lipo kwenye tafiti hizo hizo za akina Sweller, kwamba msaada unaomwinua mgeni ukimpa aliyekwisha kujua unamrudisha nyuma. Kwahiyo mtu akiniuliza ipi bora namuuliza kwanza: kwa nani, na kafika wapi kwenye hiyo mada? Mtoto yule yule asubuhi kwenye kipindi kimoja anahitaji kuelezwa na mchana kwenye kipindi kingine anahitaji uondoke mbele yake.

Lakini kilichonifunza zaidi kwenye kompyuta ni kwamba ile mashine haina "mmeelewa?". Ukikosea inakataa papo hapo. Haikasiriki, haicheki, haisubiri mwisho wa muhula, na hakuna kipanga wa kunificha. Nilikosea mara nyingi sana kwa siku moja na kila kosa nililijua ndani ya sekunde chache. Linganisha na mwanafunzi wa chaki anayefanya kosa lile lile la mabano daftari zima na daftari linarudi wiki ijayo likiwa na tiki moja kubwa ya haraka.

Ukiangalia na jicho hilo hata wale mabingwa wa elimu ya kumlenga mwanafunzi unawaona tofauti na tulivyohadithiwa. Maria Montessori alikuwa daktari, alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto huko Roma mwaka 1907, na watu wanamkumbuka kwa neno uhuru. Sawa, lakini angalia vifaa vyake. Kuna ubao wa mbao wenye matundu ya ukubwa tofauti na vipande vya mviringo vya kutumbukiza, kila kipande kina tundu lake. Mtoto akiweka kimoja kwenye tundu lisilo lake, mwishoni kinabaki kipande kisichoingia popote, anajua kakosea bila kuambiwa na mtu mzima, anaanza upya. Ule uhuru umejengwa ndani ya mbao kwa hesabu kali, na kuna mtu aliyekaa akafikiria makosa ya mtoto kabla mtoto hajafika. Paulo Freire wa Brazil naye, ambaye aliwasema sana walimu wanaoweka maarifa kwenye vichwa vya watu namna mtu anavyoweka pesa benki, kabla ya kuanza kufundisha watu wazima kusoma timu yake ilikuwa inakwenda kwanza kukusanya maneno wanayoyatumia wale watu kwenye maisha yao ya kazi, inachagua machache yenye silabi za kutosha kujengea mengine, inatengeneza picha, ndo darasa linaanza. Hiyo ni kazi kubwa kuliko kuandaa notsi. John Dewey, ambaye wengi wanamtaja kama baba wa mambo haya, mwaka 1938 ilibidi awageukie wafuasi wake mwenyewe na kuwaambia kwamba kuikataa shule ya zamani peke yake sio mpango, na kwamba sio kila uzoefu unamfundisha mtu, kuna mwingine unampotosha. Imepita miaka mingapi hiyo, na kwenye semina zetu hakuna aliyelisema.

Sasa kwenye darasa langu mwenyewe nilichoishia nacho nilikidokoa kwa Mazur, nikapunguza nikaongeza. Naeleza kitu kwa ufupi, kwa chaki, naongea mimi, sina aibu. Alafu nasimama naweka swali moja la dhana lenye majibu manne. Kwa mfano, mpira umerushwa juu wima, usahau hewa, ukiwa kwenye kilele kabisa kabla haujaanza kurudi, nguvu gani inauvuta? Jibu la kwanza hakuna kwa sababu umesimama, la pili kuna ya kwenda juu inakwisha kwisha, la tatu ni uzito wake tu (hili ndo la kweli), la nne ni uzito na nguvu ya mkono zimelingana. Hayo majibu ya uongo siyatungi kichwani, nayatoa kwenye pepa za nyuma, ndo yale makosa yaliyokuwa yananikera nimeyageuza kuwa kazi. Kila mtu anafikiri peke yake kimya, alafu nikihesabu tatu kila mtu anaweka vidole kifuani, kimoja mpaka vinne, kifuani ili wa nyuma asikopi. Naangalia darasa mara moja na najua. Najua siku hiyo hiyo, dakika hiyo hiyo, na sio kwa kipanga, kwa wote.

Kinachofuata kinategemea nilichokiona. Wakiwa wengi sana wamepata nasema kwa nini, tunasonga mbele. Wakiwa wachache mno wamepata, siwaambii wajadili, maana watajadili ujinga na watakubaliana, narudi ubaoni nafundisha tena kwa njia nyingine. Mazur mwenyewe alikuwa anatumia mpaka wa kama asilimia 30 kwa chini na 70 kwa juu, kati ya hapo ndo majadiliano yana faida. Wakiwa katikati nawaambia geukia mtu aliyeweka vidole tofauti na vyako, mshawishi. Hapo kelele inayolipuka ni ya aina nyingine kabisa, ni ya watu wenye hoja. Nimewahi kumsikia binti anamwambia mwenzake "kama hakuna nguvu mbona unarudi, ungekaa huko huko juu", na mwenzake akanyamaza, akatazama dari, akabadilisha vidole. Mimi kwa maneno yangu ya mwalimu ningeongea kuhusu mchapuko usiobadilika na asingenielewa, yule aliyetoka kwenye lile kosa juzi tu bado anakumbuka mlango aliotokea.

Sasa gharama. Silabasi haiishi kwa mwendo ule wa zamani, huo ndo ukweli, lazima uchague vitu wavisome wenyewe nyumbani na uchague vya kugombania darasani. Mkuu wa shule akipita anasikia kelele anachungulia dirishani kama kuna moto. Na maandalizi ni makubwa, swali moja zuri la dhana linaweza kukulia jioni nzima wakati notsi unazo za miaka yote kwenye faili. Mwalimu mwenye vipindi vingi na darasa lililofurika akiniambia hawezi mi simbishii.

Ila gharama ambayo sikuitegemea ni wanafunzi wenyewe. Wanalalamika! Mmoja alinifuata baada ya kipindi akaniambia kwa heshima zote, "Mwalimu, samahani, sisi tunaomba utufundishe." Kwake yeye siku hiyo sikufundisha, aliumia kichwa, alikosea mbele ya jirani yake, akatoka bila kurasa za notsi. Nikawa najiuliza kama ni darasa langu tu mpaka nilipokutana na utafiti wa Louis Deslauriers na wenzake, hapo hapo Harvard, uliotoka 2019. Waliwagawa wanafunzi wa fizikia, wengine lekcha safi ya mwalimu hodari, wengine wakafanya maswali kwa makundi, kisha wakageuzana, mada ni zile zile. Waliofanya kazi wenyewe walijifunza zaidi kwenye jaribio na wakasema wamejifunza kidogo, wa lekcha ikawa kinyume. Yaani lekcha nzuri inateleza vizuri mpaka unahisi umeelewa, na kuhangaika kunahisi kama kushindwa. Ndo ule usiku wangu wa notsi niliosema, ila umepimwa. Siku hizi wiki ya kwanza nawaeleza hili kabisa, kwamba mtaumia kichwa na mtaona hamjifunzi, na malalamiko yamepungua ingawa hayajaisha.

Kuna namba ambayo watu wa mbinu shirikishi wanaipenda sana na mi naipenda pia lakini naomba isomwe taratibu. Scott Freeman na wenzake mwaka 2014 walikusanya tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hesabu vyuoni, wakakuta kwenye lekcha ya kawaida wanaofeli ni kama asilimia 34 na kwenye madarasa ambayo wanafunzi wanafanya kitu ni kama asilimia 22. Tofauti kubwa hiyo. Ila hao ni watu wa chuo, wameshakuja na msingi, na mengi ya madarasa yale mwalimu alikuwa bado anaeleza, aliongeza tu maswali, kura, kazi za papo kwa papo. Sio kwamba alikaa pembeni akaangalia watu wanachora kwenye karatasi kubwa. Mtu akikuletea hiyo namba kutetea ile kazi ya kundi la kipanga na mwandiko mzuri, mwambie akasome tena.

Kitu ambacho bado sijakipatia dawa ni watoto wa kimya. Kuna aina ya mwanafunzi ambaye chaki ilikuwa inamfaa kweli, anakaa pembeni, anasikiliza, anakwenda kuchimba peke yake, anarudi anajua. Ukimwambia geuka mshawishi jirani unamtesa, na jirani akiwa na mdomo anashindwa hata kama ana jibu sahihi, nimeona mtu anabadilisha vidole vyake kutoka jibu la kweli kwenda la uongo kwa sababu tu aliyekaa naye anaongea kwa kujiamini. Kwa hao nimeanza kutumia vikaratasi, baada ya kura ya kwanza kila mtu anaandika sentensi moja ya sababu yake kabla hajageuka kuongea na mtu, na mwisho wa kipindi navikusanya. Vingi havisomeki, vingine vimeandikwa "nimebahatisha tu", lakini wale wa kimya wanaandika vizuri kuliko wote, na kesho yake naanza kipindi kwa kusoma sababu moja au mbili bila kutaja jina.